Mwaka Nilipofunga Daftari Kwenye Mvua

Tulimzika Lemayian Ijumaa, nyuma ya nyumba yake kule Kisaju, kwenye vumbi na jua la kuumiza macho. Kabla jeneza halijashushwa, Njoroge fundi alipewa kipaza sauti aseme neno kuhusu rafiki yake. Njoroge ndiye aliyelitunza gari la mbio la Lemayian miaka yote waliyoshindana, na siku hizi anasikia kwa sikio moja tu, kwa hiyo hupaaza sauti hata akiwa na kipaza sauti mkononi. Aliwaambia waombolezaji kwamba marehemu angechukua taji mapema zaidi kama si mwaka ule alipombeba mwalimu wa shule ya msingi awe mwelekezi wake, na mwalimu huyo akaona maji kidogo, akafunga daftari, akatoka garini akakimbia mpaka akapoteza kiatu. Watu wakacheka, kile kicheko cha matangani ambacho ni cha shukrani kuliko furaha. "Mwalimu wa Kiatu Kimoja yuko hapa," Njoroge akasema. "Asimame mumwone." Nikasimama. Nina miaka hamsini na mitatu na magoti mabaya, lakini nilibaki nimesimama mpaka akamaliza hotuba yake, kwa sababu kuketi kungeonekana kama kukubali. Alichosema ni nusu ya mambo. Nusu iliyobaki naiandika mimi, niliyekuwa kwenye kiti cha kushoto.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa akina nani. Hao hawakuwa garini. Mwaka ninaousema ulianzia kanisani, Kitengela, Jumapili moja ya Januari. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafundisha darasa la tatu, na siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kusoma matangazo. Stima ikapotea, kipaza sauti kikafa, halafu mvua isiyo ya msimu ikaangukia mabati kwa kishindo hata mchungaji akaketi kungoja ipite. Mimi sikungoja. Nilikuwa nimezoea watoto sitini chini ya mabati kama yale. Nikasoma mkutano wa akina mama, harusi mbili na zamu ya kufagia kanisa, neno kwa neno, na waliokaa nyuma kabisa wakasikia. Baada ya ibada, mwanamume mrefu aliyevaa koti lenye madoa ya oili alinisubiri langoni. Alinisalimu kwa heshima, akasema jina lake ni Lemayian, anafuga ng'ombe Kisaju na anashindana mbio za magari, na mwelekezi wake amehamia Mombasa. Kisha akaniuliza swali ambalo sijaulizwa tena na mtu yeyote. "Mwalimu, unaweza kusoma hivyo ukiwa unatikiswa?" Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui, tujaribu Jumamosi, na bibi yake atakuwepo ili watu wasipate la kusema kuhusu mwanamke na mume wa mtu.

Kazi ya mwelekezi inaeleweka upesi lakini hujifunzi upesi. Kabla ya mashindano mnaruhusiwa kupita ile njia polepole; dereva anataja kila kona na wewe unaandika. Moja ni kona kali inayokaribia kukurudisha ulikotoka. Sita ni kona ambayo mgeni hata haoni kama ni kona. Namba kubwa zaidi, kama hamsini, ni mita za kufika kona inayofuata. Siku ya mbio unamsomea ukiwa kona moja mbele ya gari, ili macho yake yakiwa kwenye kona hii masikio yake yawe yameshafika kwenye ile ijayo. Ukichelewa mko mtaroni. Ukiwahi mno ameshasahau. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, kuta za buluu hadi kiunoni na nyeupe juu, kitanda, stovu ya mafuta ya taa na ndoo mbili za maji. Jioni, sufuria ya maharagwe ikichemka, nilikaa kitandani nikijirusha mbele na nyuma huku nikisoma kwa sauti: kulia nne, hamsini, kushoto mbili inajikunja, usikate, jiwe. Jirani wa chumba cha pili alimwambia mwenye ploti kwamba mwalimu amejazwa Roho na ananena kwa lugha. Sikumrekebisha. Alikuwa ameanza kupunguza sauti ya redio yake.

Kila Jumamosi nilikwenda Kisaju. Bibi yake Lemayian aliitwa Mama Simaloi, kwa jina la binti yao mkubwa, nami nikamwita mume wake Baba Simaloi na sijawahi kumwita vingine mbele yake. Jiko lao lilikuwa la mabati, limejitenga na nyumba kubwa, moshi umeyapaka mabati rangi ya chai. "Takwenya," Mama Simaloi alinisalimu kwa Kimaa nikiinama mlangoni, nami nikajifunza kujibu "Iko" bila kuona haya. Hakuwahi kuniuliza habari za gari. Aliniuliza kama nimekula, na hata nikisema ndiyo alinipa ugali na nyama ya kuchemsha, halafu chai ya maziwa matupu iliyoshika ladha ya moshi. Njoroge na Lemayian walikula wakibishana juu ya tairi na breki kana kwamba sisi wawili tulikuwa sehemu ya ukuta. Mama Simaloi hakuwa amewahi kuhudhuria mashindano hata mara moja. Siku ya mbio, mvua ikinyesha, alitoa mablanketi yote ya nyumba na kuyafua, akijua wazi kwamba hayatakauka. Nilipomuuliza sababu alisema mikono yake inataka kazi, la sivyo inashika kichwa.

Sasa lazima niseme jambo ambalo Njoroge hakulisema kaburini, kwa sababu hakulijua wala hakuuliza. Mimi nilipenda mvua. Wakati wa kiangazi mbio zile ni vumbi na injini. Mwenye gari lenye nguvu ndiye anayeshinda na hakuna siri. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa Kajiado, ule unaoganda kwenye tairi kama ugali na kisha kuteleza kama sabuni, nguvu za gari hazina maana tena. Inabaki mikono ya dereva na sauti ya mtu wa kushoto. Mwezi wa Machi tulishindana nje ya mji wa Kajiado, mvua ya kwanza ya masika, na gari lilipita kona nzima likiwa limeelekeza pua kwenye miiba huku likienda tulikotaka liende. Nilisikia tumbo langu likibaki nyuma kwenye kona na kunifikia baadaye. Nilipiga kelele, na ilikuwa kelele ya furaha, halafu nikaendelea kusoma. Tulimaliza wa tatu. Nilirudi chumbani kwangu matope yakiwa yamekauka shingoni, na Jumatatu nilifundisha kugawanya nikijisikia mtu mwenye siri tamu. Kwa hiyo yeyote anayesema niliogopa mvua hanijui.

Mashindano ya Aprili yalipita karibu kabisa na kwao Lemayian. Njia ilikata korongo ambalo siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu na ng'ombe hulala ndani yake. Tulipaswa kuipita njia ile mara mbili, asubuhi na alasiri. Asubuhi maji yalikuwa ya kufika kwenye vifundo, na katikati ya kivuko lilisimama jiwe jeupe refu kama kiti. Nilisoma, tukavuka, maji yakaruka pande zote na watu wakashangilia. Walikuwa wamesimama ukingo wa pili, upande wa kulia, pale pale gari linapotokea likiwa bado halijashika ardhi. Wanawake walikuwa na watoto mgongoni. Wazee walikuwa wameegemea fimbo zao. Pale ndipo palionekana vizuri, na watu huenda panapoonekana vizuri. Wakati wa mapumziko, tukila chapati zilizolowa chini ya turubai la Njoroge, nilimwambia Lemayian kwamba wale watu wako mahali pabaya. Alisema waandalizi watawaondoa. Mvua ikazidi. Nikachukua penseli na kuandika kando ya neno korongo: jiwe lisipoonekana, hapana. Sikumwonyesha. Hilo ndilo kosa langu, na ni hilo moja tu.

Alasiri tulikuwa wa kwanza kwa tofauti ya sekunde chache. Lemayian aliendesha kama mtu anayeimba, na mimi nilisoma bila kuinua macho mpaka tulipofika juu ya kilima kinachotazama korongo. Pale unapata muda wa pumzi mbili kuona chini kabla njia haijashuka tena kwenye kona. Nikainua macho. Jiwe halikuwepo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamejaa ukingo hadi ukingo, yanabeba matawi, na watu walikuwa pale pale walipokuwa asubuhi, ila sasa walikuwa wengi zaidi na wamesogea karibu zaidi. Ilibaki kona moja nisome. Kama ningeisoma, angeichukua kwa kasi yote na tungekuwa majini. Nilifunga daftari, nikaliweka chini ya paja langu, nikasema, "Simama."

"Soma," akasema.

Sikusoma. Dereva asiyesomewa kwenye mvua ni kipofu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Alikanyaga breki, gari likazunguka likateremka ubavu ubavu na kukwama kwenye udongo mweusi, hatua kama arobaini kutoka kwenye maji. Injini ikazimika. Tulisikia mvua peke yake juu ya paa. Aliniomba nisome. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na aliniomba kwa upole, na ule upole ulikuwa mgumu kustahimili kuliko matusi. Nikamwambia, "Baba Simaloi, sisomi." Nikafungua mlango, nikashuka, nikaenda mpaka ukingoni kuwapungia watu mikono warudi nyuma. Nilipaaza sauti yangu yote, na kwa mara ya kwanza maishani haikutosha. Mto ulikuwa na sauti kubwa kuliko mabati. Niliingia majini ili wanisikie, hadi magotini. Mkondo ukanivuta mguu wa kushoto, nikaanguka kwa mikono kwenye tope, na nilipotoka kiatu kilikuwa kimekwenda.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo hadithi inapowapendeza watu. Gari la nyuma yetu lilikuja, likapiga honi, likatupita, likaingia majini. Maji yalipanda juu ya boneti. Likatokea upande wa pili likiteleza kuelekea watu, watu wakaruka pembeni huku wakicheka, na dereva akanyoosha gari akaenda zake. Baada yake wakavuka wengine watatu. Hakuna aliyeumia. Hakuna hata aliyechubuka. Yule dereva wa kwanza alichukua kombe, na jioni watu walimbeba mabegani wakizunguka uwanja wa Kajiado mvuani. Nimeishi miaka ishirini na tisa nikingojewa niseme kwamba kwa hiyo nilikosea. Mtu anayevuka barabara akiwa amefumba macho na kufika ng'ambo salama hajathibitisha kwamba macho hayana kazi. Ningelifunga lile daftari tena kesho. Ningelifunga nikijua kwa hakika kwamba wote watavuka.

Jina la Kiatu Kimoja lilinifikia shuleni kabla ya Jumatano. Mwalimu mkuu, mama mcha Mungu aliyenitakia mema, aliniita ofisini akanimiminia chai akasema Mungu amenionyesha ishara, niachane na mambo ya wanaume wasiopenda maisha yao. Kule gereji ya Njoroge walisema mwanamke asirudi tena garini. Nilichoka na wote wawili kwa kiasi kile kile. Mmoja alidhani nilisimamisha gari kwa sababu nimegundua mbio ni mbaya, mwingine alidhani siziwezi, na hakuna aliyeweza kufikiri kwamba mtu anaweza kuzipenda mno na bado akasema hapa sivuki. Lemayian mwenyewe hakusema lolote. Alinifikisha Kitengela siku ile bila neno, na Mei ikapita, na Juni, bila salamu hata ya kutumwa. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikaa kitandani jioni nikila maharagwe yangu, na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ulikuwa unasoma kona.

Julai, kwenye ile baridi ya Kitengela inayoingia chini ya mlango, nilifunga kwenye leso helmeti ya Lemayian niliyokuwa nikivaa garini, nikaenda kumrudishia. Mama Simaloi alinikalisha jikoni, akanipa chai, akaniambia wanaume wako nyumba kubwa na ningoje. Dirisha lao lilikuwa wazi, hatua chache kutoka jikoni. Nikamsikia Njoroge akisema kwamba msimu bado haujaharibika, kwamba kuna kijana wa kiume Ngong anayesoma vizuri na hana woga. Kisha nikamsikia Lemayian.

"Njoroge, mimi sikuona wale watu," alisema. "Mimi niliona maji tu. Yeye aliona watu."

Njoroge akasema hakuna aliyeumia. Lemayian akasema anajua, lakini hajalala vizuri tangu Aprili, maana pale ukingoni alikuwepo mama yake mzazi, na hakujua mpaka alipoambiwa na wengine. Nikamtazama Mama Simaloi. Alikuwa anachochea moto kwa kijiti na hakuinua uso, na ndipo nikaelewa kwa nini nilikuwa nimeambiwa ningoje pale, karibu na dirisha. Pengine ningepaswa kuguswa. Nilikasirika. Miezi mitatu nimebeba jina la kijinga, na mtu mmoja anayejua ukweli anausema kwa fundi, mlango ukiwa umefungwa. Nilichukua helmeti nikaingia nyumba kubwa bila kubisha hodi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya nyumbani kwa mtu, nikasimama mbele yao.

"Hayo maneno, niambie mimi," nikasema.

Lemayian aliinuka. Alikuwa mtu mrefu na alichukua muda kusimama. Alisema, "Mwalimu, niliwaza kushinda, nikawasahau watu wetu. Pole." Njoroge alitazama viatu vyake. Nikamwambia sitaki pole, nataka kurudi garini, na niko na masharti. La kwanza, nikifunga daftari anasimama, na maswali yatakuja baadaye. La pili, mvua ikinyesha, tutatembea kwa miguu kwenye kila kivuko asubuhi ya mbio, na yeye mwenyewe atazungumza na watu kwa Kimaa wasogee, kwa sababu waandalizi wanapiga filimbi tu na hakuna anayeitii filimbi. La tatu, nisisikie tena kwamba mimi naogopa kasi, kwa maana nikisema nenda, ataenda, na akipunguza kwa ajili yangu nitashuka. Alifikiri hilo la tatu kwa muda mrefu kuliko yale mengine. Kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu masika, akasema yeye anayaweza yote, ila labda la tatu ndilo litakalomshinda. Mama Simaloi akaingia na sahani ya nyama kana kwamba ilikuwa imepangwa tangu asubuhi. Tukala. Njoroge alikula nasi, na kusema haki, hajakubali mpaka leo.

Mbio za mwisho wa mwaka zilifanyika Novemba kwenye nyanda kati ya Kisaju na Kajiado, na mvua za vuli zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Tulianza kutembea alfajiri, mimi na Lemayian, tumevaa gambuti, tukipima maji kwa fimbo. Kwenye kivuko kikubwa watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, upande mbaya kama kawaida. Akawasalimu wazee mmoja mmoja, akainamisha kichwa kwa wale wa kuinamiwa, akawaeleza gari hutokaje majini na huenda wapi likishindwa. Mzee mmoja alimuuliza jambo na wote wakacheka. Lemayian alinitafsiria: mzee anauliza kama huyu ndiye mwanamke aliyepigana na mto. Kisha mzee yule akachukua kiti chake akapanda nacho mteremkoni, juu kabisa, na wengine wakamfuata, hata wale vijana waliokuwa wamekataa kuwasikia waandalizi. Ikatuchukua asubuhi nzima. Tuliporudi tuliwakuta madereva wengine wamejilaza kwenye magari yao, na mmoja akauliza kama tunafanya mbio au uchungaji.

Alasiri tukaondoka. Kioo kilikuwa cheupe kwa maji, waipa ya upande wangu ikakatika kabla ya kona ya kumi, na sikuona chochote ila karatasi. Nilisoma. Kulia tano, themanini, kushoto tatu, matope, shika nje. Gari lilielea, likaanguka, likashika, likaelea tena, na moyo wangu ukawa mahali ambapo mioyo haikai. Juu ya kilima cha mwisho aliuliza neno moja, bila kupunguza: "Mwalimu?" Nikainua macho, nikatazama kupitia upande wake. Fimbo tuliyoisimika asubuhi ilikuwa bado inaonyesha alama yetu ya kina juu ya maji. Ukingo wa pili ulikuwa mtupu. Watu walikuwa juu, mstari mrefu wa miavuli na mashuka mekundu chini ya anga jeusi. "Nenda," nikasema. "Baba Simaloi, nenda, nenda, usiguse breki." Na hakuigusa. Tuliingia majini kwa kasi ambayo singethubutu kuiota, ukuta wa maji ukafunika vioo vyote, na kwa pumzi moja hatukuwa barabarani wala mtoni. Halafu tairi zikashika mawe, tukatoka upande wa pili tukiteleza kupita mahali pale pale pa kulia, patupu, na nikasikia kutoka mteremkoni sauti ambayo ilishinda mto.

Tulimaliza wa pili. Mwaka uliofuata Lemayian alichukua taji, nami nikiwa kushoto kwake, na hilo Njoroge alilitaja kaburini bila kutaja ni nani aliyekuwa anasoma. Lakini nikifumba macho narudi kwenye ile siku ya wa pili. Tulikuwa tumeshuka garini, tumelowa, Lemayian ananicheka kwa sababu meno yangu yalikuwa na matope, na mtangazaji wa mashindano akaja na kipaza sauti kilichofungwa kwa mfuko wa plastiki. Umati ulikuwa mkubwa. Akaniuliza, akiwakonyeza watu, kama leo mwalimu ameshinda ule woga wake. Nikamnyang'anya kipaza sauti, kwa sababu niliijua sauti yangu na nilitaka wote wasikie, hata waliojikinga mvua mbali, chini ya lori.

"Niliogopa njia nzima," nikawaambia. "Kutoka kona ya kwanza mpaka hapa. Ndiyo kazi yangu, na leo tumewaacha nyuma watu kumi na wanane."